Chuo cha udaktari kisichaguliwe kwa jina





Binti yangu amechaguliwa na vyuo viwili na ni lazima athibitishe kimoja. Anataka kuwa bingwa wa magonjwa ya ngozi, kwani mdogo wake ana ualbino na jua linamtesa. Wajomba zake wameshikilia Muhimbili, eti ndicho chuo cha zamani kuliko vyote, kilianza mwaka 1963. Yeye anataka Moshi.

Mimi namuunga mkono. Pale KCMC kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi tangu 1992, na ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua wenye ualbino. Najua shahada ya kwanza ni miaka mitano popote aendapo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Ubingwa huombwa baadaye na nafasi ni chache. Kusoma Moshi hakumhakikishii nafasi hiyo. Lakini atawaona wagonjwa hao mapema, na mabingwa watamjua.

Ombi langu ni kwa TCU. Mwongozo wao unaeleza masharti ya kujiunga na miaka ya masomo. Kwa nini usieleze pia hospitali ya kila chuo ina kliniki zipi za kibingwa? Sisi tumeyajua haya kwa sababu tu tunampeleka mtoto kliniki.

Mzazi,
Same.