Kabla ya kusema mzee hawezi kompyuta, kuza kishale

Katika sekretaria za Bunia, pale watu wanapochapisha barua na kujaza fomu, maneno haya yamezoeleka: “Papa, kompyuta ni ya vijana.” Mzee anasukuma kipanya huku na huku, anatafuta ule mshale mdogo, haoni. Anaondoka na aibu.

Mimi nasema kosa si lake. Kishale cheupe juu ya ukurasa mweupe, tena mwangaza wa skrini umepunguzwa ili betri idumu mpaka umeme urudi: hata kijana anakipoteza.

Miwani ni bei, lakini dawa hii haidai hata franga moja. Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia Accessibilité, kisha Pointeur de la souris. Ukubwa unaanzia 1 hadi 15, na rangi nyeusi ipo.

Wakubwa wa ofisi wanaotaka kuwaondoa makarani wa zamani eti “hawawezi mashine” wajaribu hilo kwanza. Wengine watalalamika kwamba kishale kikubwa kinaficha maandishi. Kikifika 15, ndiyo. Basi mzee mwenyewe akivute mpaka aseme inatosha.