Mafuta Tunayo, Chombo Je?

Hapana mwalimu wa shule ya msingi asiyeyajua mapunye. Wengi huyadharau, wakisahau kwamba kuvu iyaletayo ina jamaa zake ziuazo. Mnamo 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, zipatazo 19, na baadhi yake zimekuwa sugu kwa dawa zilizopo.

Kwa hiyo wataalamu wanaitazama upya mimea, ikiwamo karafuu ya Pemba na Unguja. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kemikali iitwayo eugenoli, ambayo huuharibu utando wa seli ya kuvu. Lakini mafuta haya yana ila tatu: hayachanganyiki na maji, huruka upesi yapatapo hewa, na yakipakwa bila kuzimuliwa huweza kuiunguza ngozi. Dawa ipo, kinachohitajika ni chombo cha kuifikisha.

Hapo ndipo inapoingia nanoteknolojia, yaani ufundi wa vitu vidogo mno. Unywele mmoja una unene wa kadiri ya nanomita 80,000. Mafuta hufungwa ndani ya vijipovu vya nanomita 100 au 200 hivi, ambavyo huyakinga yasiruke, huyawezesha kuenea majini, na kuyatoa kidogo kidogo penye ugonjwa.

Wapo watakaosema kuwa hizi ni ndoto. Siafikiani nao. Amphotericin B, dawa kali ya kuvu ya tangu miaka ya 1950, huzidhuru figo. Ilipofungwa katika vijipovu vya namna hii madhara yake yalipungua, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1997. Mwaka 2022, baada ya utafiti uliofanywa Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu za Afrika, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi yake moja kubwa, pamoja na dawa nyingine, kutibu homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu.

Hata hivyo, tusiutangulize mkokoteni mbele ya punda. Majaribio mengi ya mafuta ya mimea yaliyofungwa hivi yangali ya maabara na wanyama. Mwalimu asimpake mtoto mafuta ya karafuu kwa kuwa eti ni ya asili. Mwenye mapunye apelekwe zahanati, kwani ugonjwa huo huhitaji dawa ya kumeza.

Rai yangu ni kwamba somo hili lifundishwe tangu shule za upili, na vyuo vikuu vyetu vipewe fedha za kulitafiti. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Tukiridhika na kuuza karafuu kwa gunia, wengine watabuni chombo, watakimiliki kisheria, kisha watatuuzia mafuta yetu wenyewe kwa bei waitakayo wao.