Wapangaji Waulizwe Kabla Dira Hazijafungwa

Habari ya mjini siku hizi ni dira za maji za malipo ya kabla, ambazo wengi tumekwisha kuzibatiza "luku ya maji", kwa mfano wa luku ya umeme. Mimi si mpinzani wake. Maji yanapotea ardhini kwa mabomba yaliyopasuka, ankara za makadirio zimewagombanisha wateja na mamlaka, na dira inayotuma usomaji yenyewe yaweza kufichua uvujaji usiku ule ule. Ninalolipinga ni desturi ya kuamua kila kitu ofisini, kisha mwananchi akaitwa mkutanoni "kuelimishwa".

Tazameni yaliyotokea Phiri, Soweto. Mwaka 2004 jiji la Johannesburg lilianza kufunga huko dira za malipo ya kabla. Kila kiwanja kilipewa lita 6,000 za bure kwa mwezi. Zikiisha, dira inafunga maji mpaka mtu anunue. Kumbe kiwanja cha Phiri aghalabu hakikai familia moja: uani mna vibanda vya wapangaji, wote wanategemea bomba lile lile. Mkazi wa huko, Lindiwe Mazibuko, na wenzake wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 2008, Mahakama ya Katiba ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2009. Jiji lilishinda, lakini kesi ingali ikiendelea lilikuwa limekwisha kuongeza maji ya dharura, lita 4,000 kwa mwaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: jambo ambalo bibi yeyote wa Phiri angaliwaambia wahandisi bure, lilingoja mawakili.

Sasa turudi kwetu. Chukua nyumba ya kupanga ya Manzese, Dar es Salaam, vyumba sita, bomba moja uani. Tokeni anunue nani? Mama mwenye kichanga, afuaye nepi kutwa, achange sawa na kijana anayerudi kulala tu? Uniti zikiisha saa nane usiku na ndani mna mgonjwa wa kuhara, itakuwaje? Tena kuna mgao. Maji yanaporudi, hewa hutangulia bombani, na dira ya kuzunguka huihesabu. Mteja analipia upepo. (Fundi bomba yeyote wa mtaani atakuthibitishia.) Ziko dira za mawimbi ya sauti, zisizo na kitu cha kuzunguka, na baadhi yake hutambua bomba likiwa tupu. Mwenye kulipia upepo ndiye angaliuliza habari za dira hizo kabla ya zabuni.

Kushirikishwa si posho wala soda za semina. Zifungwe dira chache katika nyumba za namna hiyo, kiangazi na masika. Wapangaji, fundi bomba na muuza maji wa kioski wakae na wahandisi, waseme kiwango cha dharura kiwe kipi na ujumbe wa simu usomekeje. Wakisema hii haifai, neno lao liwe na nguvu ya kuirudisha kwa muuzaji.

Waheshimiwa wakurugenzi wa mamlaka za maji, msitie saini ununuzi mkubwa kabla ya majaribio hayo. Nanyi wapangaji, mkutano wa mtaa ukiitishwa, msiwaachie wenye nyumba peke yao.