Kwenda Kirumba Si Kazi, Kazi Ni Kurudi Bariadi

Simba au Yanga inapopangiwa kucheza Mwanza, mashabiki wa Bariadi huulizana swali ambalo halihusu kikosi wala kocha. Wanaulizana watarudi na nini.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, hauna timu ya Ligi Kuu. Anayetaka kuiona ligi kwa macho yake, si kwenye kibanda umiza, sharti asafiri, na uwanja unaomvuta zaidi ni CCM Kirumba wa Mwanza. Tangu Pamba Jiji ya Mwanza irejee Ligi Kuu mwaka 2024, mvuto umeongezeka, maana timu hiyo ina jina la zao ambalo Simiyu inalima kuliko mikoa mingine nchini.

Barabara haiwezi kusingiziwa tena. Njia ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi, kilomita 171.8, ni lami tupu. Kipande cha Bariadi hadi Lamadi ni kilomita 71.8, na ukishafika Lamadi umeingia barabara kuu ya Musoma na Mwanza, zimebaki kilomita mia na ushei kupitia Magu na Kisesa. Asubuhi ya siku ya mechi shabiki hana shida: mabasi yapo, Costa zipo, wapiga debe wanamgombania.

Mambo yanaharibika jioni. Mechi ya saa 10:00 jioni huisha karibu na saa 12. Hapo kuna foleni ya kutoka getini, halafu daladala au bodaboda hadi stendi ya Nyamhongolo, mwendo ambao siku ya kawaida tu si mfupi. Akifika, giza limeingia na mabasi ya kwao yameshaondoka. Anachokikuta ni michomoko, yale magari madogo yenye viti vya watu watano yanayobeba wanane, dereva akibanwa mlangoni na abiria wawili wa mbele. Dereva huyo pengine yuko barabarani tangu alfajiri. Asiyetaka kuhatarisha roho yake anatafuta gesti.

Tupige hesabu. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyotangazwa Desemba 2023 kwa basi la kawaida ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita kama 170 ni takriban shilingi 8,200, na kwenda na kurudi ni zaidi ya 16,000. Tiketi ya mzunguko mara nyingi huwa shilingi 5,000 au 10,000. Ukiongeza chumba cha kulala na chakula cha usiku, mpira wenyewe umekuwa sehemu ndogo tu ya gharama za safari hiyo. Halafu tunashangaa majukwaa yakiwa na mapengo siku ambayo wenyeji hawachezi na Simba wala Yanga.

Wapo watakaosema starehe ya mtu si kazi ya serikali. Hoja hiyo ina uzito, na aliyenitolea mara ya mwisho aliongeza mfano mkali: kama kuna basi la usiku la kutafutwa, litafutwe kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Bugando. Nakubali. Ila ndugu wa mgonjwa naye anatoka wodini jioni, anakwenda Nyamhongolo ileile, anaikuta michomoko ileile. Basi la saa 2:00 usiku likimfaa shabiki litamfaa na yeye, pamoja na mfanyabiashara aliyekuja kununua mzigo. Tofauti ni kwamba shabiki ana tarehe inayojulikana na idadi inayoweza kukisiwa. Kwa mwenye gari, huyo ndiye abiria mzuri wa kuanzia.

Sheria haizuii. Katazo la mabasi kusafiri usiku, lililodumu tangu miaka ya 1990, liliondolewa mwaka 2023. Kinachokosekana ni sababu ya mwenye Costa kuliegesha gari lake saa tatu nzima akisubiri watu ambao huenda wasije, huku wenzake wakipiga safari nyingine. Simlaumu. Angekuwa ameuza viti vya kurudi mapema, pamoja na vya kwenda, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Ujerumani walilimaliza hilo zamani. Tiketi za mechi nyingi za ligi yao ni nauli pia, na kwenye Euro 2024 mwenye tiketi alipewa saa 36 za usafiri wa umma. Sisi hatuwezi kunakili hivihivi, kwa sababu kwao treni na mabasi mengi ni ya mamlaka za umma zinazolipwa kwa mkupuo, na kwetu gari ni la mtu na deni lake la benki. Lakini tuna desturi yetu inayofaa zaidi. Kila Desemba, abiria wa Moshi na Arusha wanapofurika Dar es Salaam, LATRA hutoa leseni za muda mfupi kwa magari yasiyo ya njia hiyo. Sioni kwa nini kibali cha namna hiyo kisitolewe kwa siku moja kwa Costa sita za Bariadi na Maswa, kwa sharti kwamba ziwe na dereva wa pili na orodha ya waliolipia kurudi. Polisi wa usalama barabarani wangekuwa na magari sita ya kukagua badala ya michomoko kadhaa ya kukimbizana nayo gizani.

Kikwazo kikubwa kuliko LATRA ni ratiba. Bodi ya Ligi hupangua mechi zikiwa zimebaki siku chache, na pengine saa chache. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ileile ya kuchezwa, watu wa mikoani wakiwa wameshafika Dar es Salaam, ikaja kuchezwa Juni 25. Tiketi unaweza kuambiwa uitunze. Nauli imeshaliwa na barabara. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umeziokoa klabu nyingi, na ni haki runinga isikilizwe kuhusu saa ya kuanza mechi. Lakini anayekaa jukwaani naye asikilizwe: mechi ya mikoani ya mwisho wa wiki ikianza saa 8:00 mchana, mtu wa Bariadi anapata basi la kawaida bila kibali cha yeyote.

Kuna matumaini mengine, ya mbali kidogo. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inapita Malampaka wilayani Maswa, kama ilivyopita ile ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. Ikianza kazi, Shirika la Reli (TRC) litapanga saa za treni, na ni vizuri mtu wa Simiyu awepo mezani siku hiyo. Treni ya mwisho ikiondoka Mwanza saa 11:00 jioni, pale Kirumba ndiyo kwanza kipindi cha pili kinaanza.