Gorila wa Kitabu na Gorila wa Sinema

Watu hawachoki kubishana lipi ni bora, kitabu au sinema iliyotolewa katika kitabu hicho. Mabishano huwa makali zaidi juu ya hadithi za ajabu, za upelelezi na za sayansi ya kubuni, maana ndizo vijana wetu wazipendazo. Mimi naona yafaa tulipime swali hili kwa sinema moja ambayo sisi watu wa Goma twaweza kuihukumu bila kuazima macho ya mtu, kwa kuwa kisa chake chatendeka mlangoni petu, katika milima ya Virunga.

Sinema hiyo yaitwa Congo. Ilitoka mwezi wa Juni 1995, ikiongozwa na Mmarekani Frank Marshall. Kitabu chenyewe, chenye jina lilo hilo, kilitungwa na Michael Crichton na kutolewa mwaka 1980. Crichton alisomea udaktari, naye alikuwa na kipaji cha kulishika jambo la kweli la sayansi na kulisukuma hatua mbili tatu mbele, hata msomaji asitambue mpaka uko wapi. Kisa ni hiki: kampuni ya Marekani yatafuta almasi za buluu, si za kuvaliwa shingoni, bali za kutengenezea kompyuta. Almasi hizo zimo katika magofu ya mji uliopotea, Zinj, karibu na mlima wa moto. Wasafiri wafika huko, nao wakuta gorila wa kijivu wenye kuua watu kwa kuwaponda vichwa kwa mawe. Pamoja nao yupo Amy, gorila jike aliyefundishwa na mtaalamu mmoja kusema kwa ishara za mikono.

Habari ya Amy si ndoto tupu. Huko California alikuwako gorila aitwaye Koko, aliyeanza kufundishwa ishara mwaka 1972, akafa mwaka 2018, ingawa wataalamu walibishana kama kweli ile ilikuwa lugha. Na jina Zinj halihitaji kuelezwa kwa msemaji wa Kiswahili: ndilo Zenji, jina ambalo Waarabu wa kale waliwaita watu wa pwani, ambamo mlitoka jina la Zanzibar. Jinsi Zenji ilivyopanda kutoka baharini hata ikafika Virunga, mtungaji peke yake ndiye ajuaye. Lakini juu ya madini Crichton aliona mbali. Mwaka 1980 kupigania mawe ya Kivu kwa ajili ya mashini za mawasiliano kulikuwa jambo la kubuni; leo koltani ya Rubaya, kule Masisi, yaingia katika simu za dunia nzima, na ni watu wangapi wamekwisha kufa kwa ajili yake!

Sasa tufike penye kiini. Katika kitabu gorila hao si wabaya kwa asili yao. Wenyeji wa kale wa Zinj waliwafuga na kuwafundisha kulinda machimbo. Watu wakatoweka, mafunzo yakabaki, wazazi wakiwarithisha watoto. Basi wasafiri wanapozingirwa usiku, silaha zao zisiwatoshe tena, wafanyaje? Wasikiliza. Wanazinasa sauti za gorila. Mtaalamu, Amy na kompyuta wanatafuta maana yake. Kisha wanazirudisha sauti hizo kwa vipaza sauti, maneno machache tu ya kuwaambia waondoke. Gorila wanasita, wanachanganyikiwa, wanarudi nyuma. Kwangu mimi hizi ndizo kurasa bora kupita zote katika kitabu.

Katika sinema kurasa hizo hazimo. Amy amevalishwa mashini inayogeuza ishara zake kuwa sauti ya mtoto wa kike (sauti inayochosha masikio upesi), naye anawakemea wale gorila mara moja, wakaondoka. Kazi iliyobaki yafanywa na leza. Mwanamke mmoja wa msafara atia almasi ya buluu katika chombo chake, miale yawakata gorila, mlima wapasuka, na vijana katika vibanda vya video wapiga makofi.

Nalijua jibu la watu wa sinema. Watasema kwamba kusikiliza hakuonekani kwa macho, lakini moto waonekana. Tena kwamba saa mbili haziwezi kubeba kurasa mia tatu. Neno la pili nalikubali. Haggard alipotunga mwaka 1885 kile kitabu ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, hakumtia mwanamke wa Kizungu katika safari ile. Wamarekani, walipokuja Afrika ya Mashariki na Kongo kuchukua picha za sinema yake iliyotoka mwaka 1950, walimwongeza, akachezwa na Deborah Kerr. Hadithi haikufa kwa sababu hiyo. Umbopa, mfalme aliyejificha katika mavazi ya mtumishi, alibaki Umbopa. Tena alichezwa na mtu wa Rwanda, mwenye mwendo wa heshima hata Wazungu walio mbele yake wanaonekana kama wapagazi wake. Kuongeza mtu au kufupisha njia ni haki ya fundi.

Neno la kwanza silikubali kamwe. Tazameni hadithi za upelelezi. Agatha Christie alitunga Murder on the Orient Express mwaka 1934. Sidney Lumet akaitolea sinema mwaka 1974, na Kenneth Branagh nyingine mwaka 2017. Zote mbili zafikia mahali pale pale: Poirot awakusanya abiria, aanza kueleza. Watu wasimama au waketi, mmoja asema, wengine wasikiliza, na mtazamaji hathubutu hata kukohoa. Nani amewahi kumpa Poirot leza ili amalize kazi upesi? Na hapa Kongo, katika miaka ya 1950, Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza sinema za katuni juu ya Mboloko, yule paa mdogo wa hadithi za wazee, ambaye silaha yake ni akili yake tu. Kama akili ya paa iliweza kuonyeshwa kwa picha za kuchorwa na kwa fedha kidogo, Hollywood yenye mamilioni ilishindwa nini?

Mtu ataniuliza: gorila wa kubuni wanamdhuru nani? Mwanafunzi wangu mmoja, aliyezaliwa papa hapa Goma, aliandika katika insha kwamba gorila wa Virunga huponda vichwa vya watu. Hakupata kuona gorila hata siku moja. Aliona sinema. Gorila wa milimani, ambaye wasemao Kinyarwanda humwita ingagi, hula majani, mashina na machipukizi ya mianzi. Akikutisha hujipiga kifua, na mara nyingi mambo huishia hapo. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 zilionyesha gorila 604 katika milima ya Virunga, upande wa Kongo, Rwanda na Uganda, na 1,063 tu ukijumlisha na wale wa Bwindi. Mwaka 2007 watu wenye bunduki waliwaua gorila kadhaa katika hifadhi yetu. Mtoto wa miezi miwili, Ndakasi, alikutwa ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Akalelewa Rumangabo, akafa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, André Bauma. Walinzi wa hifadhi waliouawa kazini wamepita 200. Gorila hakuua hata mmoja wao kwa jiwe.

Juu ya mlima wa moto nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa kila nyumba ina habari zake. Picha za mlima ule zilichukuliwa penye Arenal, huko Costa Rica. Katika kitabu baruti za wasafiri wenyewe ndizo zinazouamsha. Nyiragongo hauhitaji baruti ya mtu: wajenzi wa mji huu, wanaojenga kuta kwa mawe meusi ya tarehe 17 Januari 2002, wanalijua hilo, na waliokimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021 vilevile.

Wazazi wenye watoto chini ya miaka kumi na miwili wawazuie kuitazama sinema hii. Vifo vyake vyatisha, wala havina faida. Wakubwa waitazame, lakini wakisome kitabu kwanza, hasa zile kurasa za usiku wa sauti. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutamtazama Tarzan wa mwaka 2016, aliyerudishwa katika Kongo ya Mfalme Leopold II bila wachezaji wake kutoka Uingereza.