Baiskeli ukiilaza porini, itaamka bila wewe!

Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya mapenzi na viwanja vya starehe, tuongelee baiskeli. Najua wapo watakaoguna: "Baiskeli tena, zama hizi za bodaboda?" Subiri kwanza, usifunue ukurasa.

Nimewaona vijana wenzangu wa mjini wameanza kuupenda mtindo huu: unafunga hema kwenye keria, unabeba sufuria moja na unga, unanyonga mpaka mkoa wa jirani. Wazungu walituanza zamani. Msafara wa Tour d'Afrique ulioanza mwaka 2003 hutoka Cairo mpaka Cape Town, na huku kwetu Mbeya umeshapita. Lakini wenzetu wanalala kambi moja na magari yao yapo pembeni. Sisi akina yakhe, usiku ukiingia baiskeli inalala wapi? Hilo ndilo swali, na mimi jibu lake nililipata kwa machozi.

Ilikuwa Juni mwaka jana. Mimi na mshikaji wangu tuliamua kutoka Uyole, Mbeya, mpaka Iringa mjini, zaidi ya kilomita 300. Mshikaji ana baiskeli yake ya gia. Mimi sina hata ya kusukuma, nikaenda kumlilia mjomba. Mjomba ana Phoenix nyeusi, mzee kuliko mimi. Kila alfajiri anaipakia madumu ya maziwa kutoka Uyole, anayashusha Mwanjelwa. Sare za wanawe, madaftari, chumvi ya nyumbani, vyote vinatoka kwenye keria ile. Bahati nzuri wiki ile ng'ombe wake alikuwa na mimba pevu, maziwa yamekauka. Akanipa ufunguo, akasema: "Mjomba, wewe unaweza kupotea. Baiskeli irudi." Tukacheka wote. Kumbe mwenzangu hakuwa anatania!

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mteremko wa Inyala tulishuka tumeshikilia breki mpaka vidole vikafa ganzi, tukaikuta Igurusi na joto lake, tukapita Chimala jua likiwa limeelemea. Pale ndipo tulipojiona wajanja. Mshikaji akasema tusiingie kijijini, watu wataziona baiskeli na kuzitamani. Tuzame porini kimya kimya, asiyetuona hawezi kutuibia. Nikaona ni hoja.

Tukaiacha lami hatua kama 200 hivi, tukasimika hema chini ya mgunga. Cheni ilikuwa moja tu. Tukaifungia baiskeli ya gia kwenye mti kwa sababu ndiyo ya bei mbaya. Phoenix ya mjomba nikaipiga lile kufuli lake la kwenye gurudumu la nyuma, ufunguo nikautia mfukoni, nikauchapa usingizi fofofo.

Asubuhi natoka kwenda kujisaidia, naona baiskeli moja. Nikafikicha macho. Moja!

Nikatafuta alama za tairi kwenye vumbi. Hakuna. Zilikuwepo nyayo tu za mtu, tena zimezama kama za mtu mwenye mzigo mzito. Ndipo akili ikanirudi. Kufuli lile linazuia gurudumu kuzunguka, bega la mtu halilizuii. Jamaa aliinyanyua, akaitwika, akaondoka zake. Na ule ujanja wetu wa kujificha? Tulikuwa tumewasha moto wa chai na tochi ya simu muda wote, kwenye bonde la Usangu ambako wachunga ng'ombe wanapita saa zote. Tulikuwa tumejificha sisi kwa sisi!

Tukarudi kijiji tulichokipita jana, jina naliweka kapuni. Tukapelekwa kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmelala wapi?"

Tukamwonyesha kule porini. Mzee hakuuliza habari ya baiskeli kwanza. Alikuja juu: "Mmelala kwangu bila hodi! Mngekatwa mapanga kule, nani angeulizwa? Si mimi?" Tukainama chini kama watoto wa darasa la pili.

Kabla hajamaliza kutufokea, akaja mtoto mbio mbio ametumwa na fundi baiskeli. Kumbe alfajiri dogo mmoja alifika kwa fundi na Phoenix begani, anataka avunjiwe kufuli, eti ufunguo kapoteza. Fundi wa kijiji anazijua baiskeli zote za pale kama mama anavyowajua wanawe, na ile hakuwahi kuiona. Akamwambia aiache, arudi saa sita. Dogo alipogeuza kisogo, mtoto akatumwa kwa mwenyekiti.

Nilipochomeka ufunguo wangu, kufuli likafunguka mbele ya watu. Ushahidi ukaisha hapo. Spoku tatu zilikuwa zimevunjika. Fundi alichukua hela ya spoku tu, ya kazi akakataa.

Ningependa kukwambia hadithi iliishia hapo, lakini haikuishia. Dogo alikamatwa na mgambo, na ndani ya dakika chache watu walikuwa wameshajaa. Wapo waliokuwa wameshaokota mawe. Mwenyekiti akamsukumia ofisini, akasimama mwenyewe mlangoni, akasema atakayemgusa aanze na yeye. Nilimwona yule dogo kwa upenyo wa dirisha, anatetemeka, umri wake sawa na mdogo wangu wa mwisho. Nikaishika Phoenix ya mjomba nikajisikia vibaya. Ndiyo, yeye mwizi. Lakini mimi niliiacha riziki ya mtu chini ya mti, na uvivu wangu wa kupiga hodi nusura umtoe mtu roho. Tuliondoka pale polisi wamekuja kumchukua akiwa mzima, namshukuru Mungu.

Usiku wa pili tulikuwa Makambako. Panda ile ya kutoka Igawa ilitutoa jasho, halafu baridi ya juu ikatukausha. Safari hii hatukujificha. Jua likiwa bado lipo tulipiga hodi kwenye nyumba moja, tukaamkia "Kamwene", mama mwenye nyumba akacheka jinsi tulivyoitamka, akatuonyesha pa kusimika hema. Baiskeli akaziingiza jikoni, zikalala na kuku karibu na majivu ya moto. Sisi nje tunagonga meno, Phoenix inaota moto! Usiku wa tatu Mafinga, kwenye uwanja wa misheni, mlinzi akaziweka mlangoni kwake. Wala hatukuamka kuchungulia.

Sasa shika haya, uyakate na gazeti uyabandike ukutani:

Kwanza, piga hodi kabla giza halijaingia. Mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, mtendaji, shule, misheni, kituo cha polisi, popote penye mwenyeji. Ukishajulikana, ukiibiwa wewe ameaibika yeye.

Pili, ikipatikana nafasi ya ndani, baiskeli iingie ndani hata kama wewe unalala nje. Ukifikia gesti, omba chumba cha chini uingie nayo.

Tatu, ikibidi kulala nje, zilaze baiskeli mbili ubavu kwa ubavu, moja imeelekea huku nyingine kule. Pitisha cheni kwenye fremu zote mbili na magurudumu, kisha uizungushe kwenye shina la mti au nguzo. Ukifunga gurudumu peke yake, utaamka na gurudumu peke yake.

Nne, weka sufuria na vijiko juu yake, na kamba nyembamba kutoka kwenye fremu mpaka ndani ya hema, uifunge mguuni. Pampu, taa na begi ulale navyo.

Tano, andika namba ya fremu. Imegongwa kwenye chuma, tazama chini pale pedeli zinapoungana na fremu au karibu na siti. Ipige picha baiskeli nzima, na risiti usiitupe. Mimi niliokolewa na ufunguo. Wewe huenda usiwe na bahati hiyo.

Na usidhani wizi huu ni wa huku kwetu tu. Yupo Mjerumani aitwaye Heinz Stücke, aliondoka kwao mwaka 1962 akaizunguka dunia kwa baiskeli miaka na miaka. Mwaka 2006 alifika Portsmouth, Uingereza, akalala kwenye hema lake, kuamka baiskeli hakuna! Habari zikatangazwa, ikapatikana. Hata Ulaya yalimkuta.

Tulifika Iringa siku ya nne, tukapanda kile kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini tukiwa tunasukuma, kisha tukarudi Mbeya kwa basi. Mjomba akaizunguka Phoenix yake mara mbili. Akagusa spoku tatu zinazong'aa.

"Hizi je?"

Nikamweleza yote, mpaka yule dogo. Akanyamaza muda mrefu. Nikajua leo nimeumia.

"Mwakani ukitaka kwenda tena," akasema, "niambie mapema nikununulie cheni. Na hodi upige."

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Kaa chonjo!