Kipaji hakipimwi kwa futi

Wahenga walinena kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Usemi huu wafaa kukumbukwa kila mwaka nchini Marekani, timu za NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa vikapu, zinapoteua chipukizi. Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa urefu, uzani na kimo cha mruko. Vipimo hivyo vina faida, maana mchezo huu huwapendelea warefu. Hata hivyo, katika kumkadiria mpanga mchezo, yaani yule anayeuleta mpira na kuamua nani apewe na wakati gani, vipimo hivyo havifikii jambo lililo kuu: uwezo wa kujifunza.

Ushahidi tunao. Mnamo Juni 2009, Minnesota Timberwolves walikuwa na nafasi ya tano na ya sita katika uteuzi. Wakachukua wapanga mchezo wawili kwa mpigo: Ricky Rubio, aliyeanza kucheza katika ligi kuu ya Uhispania akiwa na umri wa miaka 14, na Jonny Flynn wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Katika nafasi ya saba, Golden State Warriors wakamteua Stephen Curry wa chuo kidogo cha Davidson.

Curry alikuwa amesemwa kwamba ni mwembamba mno, tena ni mfungaji tu, wala si mpanga mchezo. Lakini rekodi yake ilisema nini? Katika mwaka wake wa pili chuoni, kazi ya kupanga mchezo ilikuwa ya mwenzake. Mwenzake alipohitimu, Curry aliibeba yeye. Wastani wa pasi zake za kuzaa vikapu ukapanda kutoka 2.9 hadi 5.6 kwa mchezo, na bado akaongoza kwa ufungaji miongoni mwa vyuo vya daraja la kwanza nchini humo. Kijana alipewa somo jipya, akalifaulu kwa mwaka mmoja. Baadaye alitangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2015 na 2016, na kutwaa mataji manne.

Tusiwabeze Minnesota kupita kiasi. Rubio alidumu ligini kwa zaidi ya mwongo mmoja. Flynn naye alicheza michezo 81 katika msimu wake wa kwanza, kisha nyonga ikamsumbua, akapasuliwa mwaka wa 2010, na baada ya misimu mitatu safari yake ya NBA ikakoma. Curry mwenyewe alipasuliwa kifundo cha mguu mwaka wa 2011 na tena 2012. Hakuna mpimaji awezaye kuyaona ya mwili wa mtu miaka miwili kabla hayajatokea.

Kwa hivyo, mwalimu wa michezo anapoulizwa iwapo mwanafunzi wake ataweza kuishi kwa mpira, asikimbilie utepe wa kupimia. Na ajiulize: Mwaka huu kijana anajua nini ambacho mwaka jana hakukijua? Njia ya kwanza ikizibwa, je, huiona ya pili? Akikosea, hulaumu wenzake au hujirekebisha?

Mwanafunzi naye asidhani kwamba sifa za uwanjani ni ruhusa ya kutupa vitabu. Ikiwa aliyeteuliwa wa sita alidumu misimu mitatu tu, basi makadirio yetu sote ni ya kubahatisha. Curry aliondoka chuoni mwaka wa 2009 akiwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo. Aliyakamilisha na kupata shahada yake mwaka wa 2022, mwaka ule ule wa taji lake la nne. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho aliona haja ya kulimaliza somo, sembuse mwanafunzi ambaye bado hajateuliwa na timu yoyote?